Lenzi ya Jicho la Samaki: Kwa Nini Fremu ya Mlango Hupinda

Simama ndani ya chumba ukiwa na kamera yenye lenzi ya jicho la samaki, hatua moja tu kutoka mlangoni. Lenga katikati ya picha kwenye fremu ya mlango: ubao unasimama wima, umenyooka kama ulivyotoka kwa seremala. Sasa geuka kidogo kushoto, fremu ihamie upande wa kulia wa picha. Ubao uleule unaanza kubinuka. Tumbo lake linatokeza nje, ncha zake za juu na chini zinavutwa kuelekea katikati. Rudi ulipoanzia, unanyooka tena. Hakuna aliyegusa mbao wala kioo; kilichobadilika ni mahali fremu ilipokaa ndani ya picha.

Dukani utaambiwa hii ni lenzi ya mbwembwe: ya video za muziki, ya vijana wanaoruka na ubao wa magurudumu, ya kumchekesha bwana harusi. Si uongo, lakini si yote. Kupinda kule kuna sheria, na sheria yenyewe inaandikika kwa mstari mmoja. Anayeijua anaweza kuitabiri picha kabla hajabonyeza kitufe. Hilo lina thamani zaidi kwa lenzi hizi kuliko kwa nyingine, maana nyingi za bei nafuu hazina otomatiki hata kidogo. Fokasi unazungusha kwa mkono, tundu la kuingizia mwanga unazungusha kwa mkono, na kamera haijui hata kama kuna lenzi mbele yake. Kamera nyingine hugoma kabisa kupiga, mpaka uingie kwenye menyu na kuiruhusu ifanye kazi bila lenzi.

Tuanzie kwenye kamera rahisi kuliko zote: sanduku lenye giza, tundu dogo mbele, bamba la picha nyuma. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka mbele kabisa hupita tunduni na kugonga katikati ya bamba. Unaotoka pembeni hupita kwa mshazari na kugonga mbali na katikati. Mbali kiasi gani? Chora pembetatu utaona: ni umbali wa tundu hadi bamba, mara tanjenti ya pembe ambayo mwanga umeingilia. Lenzi za kawaida hutengenezwa kwa jasho jingi ili zitii sheria hiyohiyo ya tundu, na ndiyo maana mstari ulionyooka duniani hubaki umenyooka pichani.

Balaa liko kwenye tanjenti. Tuchukue lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 7.5, kama ile ya Samyang inayofungwa kwenye kamera za Micro Four Thirds, ambazo sensa yake ina upana wa milimita 17.3 na kimo cha 13. Kama lenzi hiyo ingetii sheria ya tanjenti, kitu kilichoko nyuzi 45 kutoka katikati kingeangukia milimita 7.5 kutoka katikati ya sensa. Vizuri. Cha nyuzi 60 kingeangukia milimita 13, tayari nje ya sensa. Cha nyuzi 80 kingefika milimita 42. Cha nyuzi 89 kingehitaji sentimita 43, yaani sensa pana kama meza ya kusomea. Na kwa nyuzi 90 kamili tanjenti haina mwisho. Kwa hiyo lenzi inayotaka kuona nusu nzima ya dunia iliyo mbele yake, kutoka bega hadi bega, haiwezi kutii sheria hiyo hata ikitengenezwa na malaika. Inabidi itafute sheria nyingine.

Hapa tatizo linaacha kuwa la kioo na kuwa la jiometri. Pande zote unazoweza kuangalia kutoka mahali ulipo zinaunda tufe linalokuzunguka, nawe ukiwa kitovuni. Sensa ni bapa. Jaribu kuufunika mpira kwa chapati: utakunja au utachana, njia ya tatu haipo. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilithibitisha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1827. Wachora ramani walikuwa wakihangaika nalo zamani kabla yake. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 iliamua kutunza pembe ili mabaharia washike mwelekeo, ikalipia kwa kuvimbisha nchi za kaskazini, na hadi leo watoto wanatazama ukutani Greenland inayokaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika inaizidi kama mara 14. Ramani nyingine hutunza maeneo na kuharibu maumbo. Kila mchoraji huchagua atapoteza nini.

Lenzi nayo ni mchora ramani. Ile ya kawaida imechagua kutunza unyoofu wa mistari, na gharama yake umeiona kwenye picha za ukoo zilizopigwa kwa lenzi pana: shangazi aliyesimama mwisho wa safu anatoka mnene kuliko alivyo. Akiwa nyuzi 45 kutoka katikati, sheria ya tanjenti humpanua kwa mara 1.4 kuliko inavyomrefusha. Hakuna anayesema lenzi ile imemdanganya, tumezoea. Jicho la samaki limechagua kinyume. Limeachilia unyoofu, likanunua upana.

Jina lenyewe lina fizikia ndani yake. Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, aliandika mwaka 1906 kuhusu jinsi ulimwengu wa juu unavyoonekana kwa aliyeko chini ya maji. Mwanga unapoingia majini kutoka hewani hupinda kuelekea wima. Hata ule unaolala sambamba na uso wa maji, kwa nyuzi 90 kamili, unapoingia husimama na kubaki na mshazari wa nyuzi 48.6 tu. Kwa hiyo anga yote, kutoka upeo wa macho hadi upeo wa macho, inamfikia samaki ikiwa imebanwa ndani ya duara moja la nyuzi 97 juu ya kichwa chake. Mzamiaji yeyote wa Mafia au Pemba anayetazama juu bahari ikiwa shwari hulijua duara hilo. Wood alijaza maji chomboni, akaweka bamba la picha chini na tundu dogo juu, akapiga.

Maji hayabebeki begani, na kazi ikahamia kwenye kioo. Mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill alieleza lenzi ya kupiga picha ya anga nzima, iliyotengenezwa na kampuni ya Beck ya London kwa ajili ya wachunguzi wa mawingu. Mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha sita akilisoma jina hilo huenda akashtuka: ndiyo, ni Hill yuleyule wa mmenyuko wa Hill katika usanisinuru. Alichofanya ni kutanguliza mbele kipande cha kioo kilichobinuka sana, chembamba katikati na kinene kandokando. Kipande hicho huipokea miale ya ubavuni na kuipinda kuelekea ndani, ikaingia kwenye vioo vya nyuma kwa pembe ndogo vinayoiweza. Karibu kila lenzi ya jicho la samaki ya leo inaanza na kipande cha namna hiyo. Ndilo lile tumbo la kioo linalochomoza mbele, linalokuzuia kufunga filta na kukufanya uishi kwa hofu ya mchanga na kucha. Wapiga picha wa kawaida walisubiri hadi mwaka 1962, Nikon ilipotoa ya milimita 8 kwa kamera zake za filamu.

Sasa sheria zenyewe. Iliyo rahisi zaidi inasema: umbali kutoka katikati ya picha uwiane na pembe, basi. Nyuzi 20 zikikaa milimita fulani, nyuzi 40 zikae mara mbili yake. Wachunguzi wa anga na wa misitu huipenda hii kwa sababu wanaweza kupima pembe pichani kwa rula. Ya pili hutunza maeneo: umbali ni mara mbili ya urefu wa fokasi, mara sini ya nusu ya pembe. Lenzi nyingi za jicho la samaki zinakaribia hii. Ya tatu inatumia tanjenti ya nusu ya pembe badala ya sini, nayo hutunza maumbo, kama ramani ya Mercator. Baadhi ya lenzi za Samyang za kamera zenye sensa kubwa zaidi zilitengenezwa zikilenga hii.

Tofauti ya hizi mbili za mwisho inaonekana kwenye sura za watu. Kwa sheria ya kutunza maeneo, uso ulioko nyuzi 90 kutoka katikati hubanwa hadi asilimia 71 kwa upande unaoelekea katikati, na kurefushwa hadi asilimia 141 kwa upande wa pili. Zidisha utapata moja: eneo limetunzwa, lakini uso umekuwa mwembamba mara mbili. Kwa sheria ya tatu, uso huohuo unavimba pande zote kwa usawa. Unakuwa mkubwa lakini unabaki uso wa mtu. Kama kazi yako ni ya watu waliojaa kwenye chumba kidogo, mimi ningechagua ya tatu bila kusita.

Sheria zote hizi zinakubaliana katika jambo moja, nalo linafafanua fremu ya mlango. Zinasogeza vitu kuelekea katikati au mbali na katikati, kamwe haziviyumbishi kushoto wala kulia mwa njia hiyo. Kwa hiyo mstari wowote unaopita katikati ya picha husogezwa juu ya mstari uleule na kubaki umenyooka. Usiopita katikati sharti upinde, na kadiri ulivyo mbali ndivyo unavyozidi. Duara ambalo kitovu chake kiko katikati ya picha hubaki duara kamili. Nenda Kilwa Kisiwani, kwenye Msikiti Mkuu, weka kamera chini katikati ya moja ya kuba zake za mawe ya matumbawe, ielekee juu sawasawa. Kuba itatoka mviringo safi, nguzo zote zikiegemea katikati kama zimepangwa kwa ajili ya lenzi. Sogeza kamera nusu hatua pembeni na utulivu wote unavunjika.

Tuje kwenye mkono. Wengi huogopa lenzi isiyo na otomatiki kwa sababu ya fokasi, na hapa hofu haina msingi. Ukiweka fokasi kwenye kitu kilicho karibu, kilicho mbali sana hakiwi nukta tena pichani, kinakuwa kiduara. Kipenyo cha kiduara hicho ni mraba wa urefu wa fokasi, gawanya kwa umbali ulioweka, gawanya tena kwa namba ya tundu. Neno la kushika ni mraba. Kwa tundu la f/5.6, na tukikubali kiduara cha milimita 0.015 kuwa bado ni nukta machoni, lenzi ya milimita 50 inabidi iwekwe mita 30 ili vya mbali kabisa vitoke vikali. Ya milimita 7.5 inatosha kuwekwa sentimita 67. Ukiiacha hapo, kila kitu kuanzia sentimita 33 mbele ya kamera hadi mwezi kitakuwa kikali. Funga pete kwa kipande cha utepe, usahau kabisa habari ya fokasi.

Lakini usiamini namba zilizochorwa kwenye pete. Hesabu ileile inaonyesha kwamba kati ya kuweka fokasi sentimita 67 na kuiweka mbali kusikokuwa na mwisho, vioo husogea milimita 0.08 tu, karibu unene wa karatasi ya daftari. Bamba la kufungia lenzi likizidi kipimo chake kwa kiasi hicho kwa kosa la kiwandani, au ukitumia kiunganishi cha bei chee, alama ya umbali usio na mwisho inakuwa pambo. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi mwisho, fungua tundu lote, zungusha polepole mpaka vyuma vyake vitengane, kisha weka alama yako mwenyewe kwa kalamu. Ukiwa hujakuza, usijisumbue: kwa lenzi hii kila kitu ni kidogo mno, na kila kitu huonekana kikali hata kisipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo ni raha kulitazama kwa macho. Shika lenzi mkononi, itazame kwa mbele, uone tundu lake. Sasa igeuze taratibu. Kwa lenzi ya kawaida, tundu linasinyaa kama jicho la paka mpaka linafungwa. Kwa jicho la samaki, tundu linaonekana kuinamia upande wako, linakufuata hata ukiwa umefika ubavuni. Ndiyo maana pembe za picha haziwi giza kama hesabu inavyotisha. Lenzi inayotii sheria ya tanjenti, kwa nyuzi 60, kwa kawaida hubakiwa na sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga wa katikati. Hii haifikishwi huko.

Kwenye picha za mnato, kosa kubwa ni kusimama mbali. Lenzi hii huvifanya vitu vidogo haraka mno, na mtu aliye mita tatu tayari ni kijipicha. Sogea. Lakini ukisogea sana usoni, pua ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye lenzi na masikio sentimita 27, pua itachorwa karibu mara mbili ya ilivyostahili. Hilo si kosa la lenzi, ni la umbali; hata jicho lako lingeona hivyo ungemkaribia mtu kiasi hicho, ila adabu inakuzuia.

Video ndiyo inayoifanya sheria ya katikati kuwa bwana mkali. Upeo wa bahari ukipita katikati ya picha, umenyooka. Ukiinamisha kamera, upeo unapanda juu na kubinuka kama mgongo wa kilima. Ukiiinua, unashuka na kuwa kama bakuli. Sasa tembea: kwa kila hatua kamera inainama na kuinuka, na upeo unapumua. Hakuna kitu kinachochosha macho ya mtazamaji kama huo. Dawa si kutembea bila kutikisika, kwani mtikisiko wenyewe unaonekana kidogo. Pembe moja ya mkono unaotetemeka husogeza picha karibu mara saba chini ya vile ingefanya lenzi ya milimita 50. Dawa ni kuilinda kamera isiinamie mbele wala nyuma. Washa ile alama ya usawa kwenye kioo na uitazame hiyo kuliko unavyomtazama unayempiga.

Kamera yenye sensa inayocheza ili kutuliza picha inahitaji kuambiwa urefu wa fokasi, kwa sababu kiasi cha kusogea ni urefu huo mara pembe ya mtikisiko. Lenzi ya mkono haina nyaya za kuiambia. Ukiacha menyu kwenye 50, sensa itakimbia karibu mara saba ya inavyotakiwa, na video itaruka kama iliyopigwa kwenye barabara ya makorongo. Andika 8, au 7.5 kama inakubali. Hata hivyo pembe za picha zitayumba kidogo, maana kusogeza sensa nzima kwa kipimo kimoja ni sawa katikati tu. Kandokando, pembe ileile ina urefu tofauti.

Halafu kuna jua. Kwa picha 25 kwa sekunde, kawaida ni kuacha kila picha ipokee mwanga kwa sekunde 1/50, ambayo pia huzuia taa za umeme wetu wa mzunguko wa 50 kumeta. Mchana wa jua kali, kwa ISO 100, hiyo inadai f/22. Huko tundu ni dogo kiasi kwamba mwanga wenyewe husambaa na kutoa doa la kama milimita 0.03, mara mbili ya kiduara tulichokikubali, na ukali wote unaopigania unakwisha. Kurudi f/5.6 kunahitaji filta ya giza ya kupunguza mwanga mara 16, lakini tumbo la kioo halifungiki filta. Baadhi ya lenzi zina nafasi ya filta kwa nyuma. Nyingine hazina, nawe unabaki kupiga kwa sekunde 1/800 na kukubali mwendo wa kukatakata.

Mwendo wenyewe ndio uliowavuta watu wa video. Panda bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa, nguzo zikiwa mita mbili kutoka njia yako. Nguzo iliyo nyuzi 10 kutoka mbele husogea kama nyuzi 9 kwa sekunde. Iliyofika nyuzi 70, ukingoni mwa picha, hukimbia zaidi ya nyuzi 250 kwa sekunde, karibu mara 30. Lenzi ya kawaida haifiki huko, inakuonyesha utulivu wa katikati tu. Hii inakuonyesha vyote pamoja: sura ya msanii imetulia, dunia inafyatuka kandokando. Video ya Missy Elliott ya mwaka 1997, „The Rain“, iliyoongozwa na Hype Williams, ilifundisha kizazi kizima kupenda mtazamo huo, na sehemu kubwa ya video zetu za muziki bado zinakula matunda yake.

Ukiiweka kamera kwenye video, zile nyuzi 180 za kwenye boksi usizitafute. Hizo ni za ulalo wa picha ya mnato, kona hadi kona. Kwa lenzi yetu ya milimita 7.5, upana ni kama 140, na video ikikata juu na chini, kimo kinashuka kutoka kama 103 hadi 76. Programu za kompyuta zinaweza kuinyoosha picha yote irudi kwenye tanjenti, lakini zinatumia pikseli zilezile: kwa nyuzi 60, kipande kinatanuliwa zaidi ya mara nne kwa upande unaoelekea katikati, na unachopata ni uji. Anayetaka mistari minyoofu kila siku anunue lenzi pana ya kawaida.

Kwa kazi ya ndani ya daladala, jicho la samaki halina mpinzani. Shika kamera kimo cha katikati ya madirisha, mstari wa madirisha upite katikati ya picha, bomba la kushikia la juu liachwe lipinde litakavyo. Kisha, kabla ya kurekodi, pitisha macho kwenye kona zote nne za kioo: kidole kilichoshikilia lenzi, kamba ya kamera, manyoya ya kipaza sauti kilichofungwa juu, vyote vinapenda kujitokeza hapo. Ukishuka nje na jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako kitakuwa kimeshaingia chini ya picha. Sogea mpaka kimezwe na kivuli cha gari.